Parashqevi Qiriazi, mwalimu na mhariri wa Albania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Parashqevi Qiriazi ni nani hasa?

Ni mwalimu, mwandishi na mhariri wa Kialbania. Alizaliwa tarehe 2 Juni 1880 Manastir, mji ambao leo ramani inauita Bitola na uko Masedonia Kaskazini, akafariki Tirana tarehe 17 Desemba 1970 akiwa na miaka 90. Alifundisha wasichana kusoma Kialbania wakati ambapo kukutwa na kitabu cha lugha hiyo kungeweza kukupeleka gerezani. Aliandika kitabu cha kujifunzia herufi, akaanzisha chama cha wanawake, akatoa jarida lake mwenyewe Boston, akaenda Paris mwaka 1919 kuitetea mipaka ya nchi yake, akafungwa katika kambi ya Wajerumani, kisha akaishi miaka yake ya mwisho chini ya serikali ambayo haikupenda atajwe.

Ukitaka kwa sentensi moja: alitengeneza wasomaji kwanza, jarida likafuata. Maswali mengi yaliyo hapa chini yanarudi palepale.

Jina lake linatamkwaje? Na mbona pengine ameandikwa Kyrias?

Q ya Kialbania si k wala si ch. Inua ulimi mpaka kwenye kaakaa kana kwamba unataka kusema "ky", hapo umeikaribia. Basi ni Parashkyevi Kyiriazi. Wamarekani na Waingereza iliwashinda hiyo q, kwa hiyo familia ilipoandika kwa Kiingereza ilijiita Kyrias. Ni ukoo uleule.

Parashqevi ni jina la Kigiriki kwa asili yake, nalo maana yake ni Ijumaa. Angezaliwa Pangani au Lamu angeitwa Mwanajuma.

Kialbania ni lugha ya namna gani? Inafanana na Kituruki au Kigiriki?

Hapana. Ni tawi lake lenyewe katika familia ya lugha za Kihindi-Kizungu, halina ndugu wa karibu. Lakini Waalbania walikaa chini ya Milki ya Osmani zaidi ya miaka 400, na Kituruki kilichokuwa kimejaa Kiarabu kikawaachia maneno ambayo Mswahili akiyasikia atageuka. Dunia ni *dynja*. Kalamu ni *kalem*. Na mtu asiyejua jambo husema *s'kam haber*, yaani sina habari, neno kwa neno. Bahari ya Hindi na milima ya Balkani zimechota maji kisima kimoja.

Ni kweli alikuwa mwandishi wa habari mwanamke wa kwanza wa Albania?

Neno "wa kwanza" linagombaniwa sana katika historia ya Albania, na jibu linategemea unahesabu nini. Ukihesabu mwanamke yeyote mwenye asili ya Kialbania aliyeandika na kuchapishwa, basi Dora d'Istria yuko mbele yake kwa miongo mingi. Huyu jina lake halisi ni Elena Gjika, alizaliwa Bucharest mwaka 1828 katika ukoo wa watawala wenye asili ya Kialbania, na aliandika juu ya wanawake wa Mashariki kabla Parashqevi hajazaliwa. Ila aliandika kwa Kifaransa, na wasomaji wake walikuwa watu wa saluni za Ulaya.

Parashqevi aliandika kwa Kialbania kwa ajili ya Waalbania, na alikuwa mwenye jarida, si mgeni aliyepewa safu kwenye gazeti la mwanamume. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko ubishi wa nani alitangulia.

Familia yake ilikuwaje?

Wazazi walikuwa Dhimitër na Maria, watoto kumi. Ilikuwa familia ya Kiprotestanti, jambo la nadra sana miongoni mwa Waalbania, ambao wengi walikuwa Waislamu, na wengine Waorthodoksi na Wakatoliki. Wamisionari wa Kimarekani walikuwa wamefungua kituo Manastir, na kwa mlango huo watoto wa Qiriazi wakapata shule.

Kaka mkubwa, Gerasim, aliyezaliwa mwaka 1858, alisoma katika shule ya Wamarekani ya Samokov, Bulgaria, kisha akafanya kazi na chama cha Biblia cha Waingereza. Mwaka 1884 alitekwa na majambazi njiani, wakamshikilia milimani miezi sita wakisubiri fidia. Aliachiliwa, lakini afya yake haikurudi tena. Alifariki mwaka 1894 akiwa na miaka 35 tu. Dada mkubwa, Sevasti, alihitimu mwaka 1891 katika chuo cha Wamarekani cha wasichana kule Istanbul, Mwalbania wa kwanza mwanamke kufika hapo. Gjergj, kaka mwingine, tutakutana naye kwenye suala la alfabeti.

Yaani Parashqevi hakuibuka mwenyewe. Alikuta njia imeshafyekwa na ndugu zake, na mmoja wao alikuwa ameilipia kwa maisha yake.

Shule ya Korçë ilikuwa shule gani?

Shule ya kwanza ya wasichana iliyofundisha kwa Kialbania. Gerasim na Sevasti waliifungua Oktoba 1891 katika mji wa Korçë, kusini-mashariki mwa Albania ya leo.

Hapa inabidi kueleza kidogo jinsi dola ilivyokuwa ikihesabu watu. Milki ya Osmani iliwagawa raia wake kwa dini, si kwa lugha. Mwalbania Mwislamu alihesabiwa pamoja na Waturuki, akapelekwa shule ya Kituruki. Mwalbania Mwothodoksi alihesabiwa pamoja na Wagiriki, akafundishwa Kigiriki, na maaskofu wa Kigiriki waliwalaani hadharani waliothubutu kusoma Kialbania. Kwa hesabu hiyo Mwalbania hakuwepo. Watoto wawili wa nyumba jirani, wanaosema lugha moja uani, walikuwa wanakwenda shule mbili kujifunza lugha mbili ambazo mama zao hawazijui.

Shule ya wavulana ya Kialbania ilifunguliwa Korçë tarehe 7 Machi 1887, ikafungwa mwaka 1902. Ya wasichana ikabaki, kwa sababu ilikuwa chini ya kivuli cha misheni ya Marekani na serikali haikutaka ugomvi na ubalozi. Kwenye madawati yake walikaa mabinti wa Kiislamu na wa Kikristo pamoja. Parashqevi alipomaliza masomo yake Istanbul mwaka 1904, huko ndiko alikokwenda kufundisha.

Kwa nini alfabeti iwe habari ya haki za wanawake?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ndilo wengi wanaliruka.

Fikiria mwaka 1900. Mfanyabiashara Mwislamu akitaka kuandika Kialbania anatumia herufi za Kiarabu. Mwothodoksi wa kusini anatumia za Kigiriki. Mkatoliki wa Shkodër anatumia za Kilatini, tena wenyewe wana zaidi ya mtindo mmoja. Kuna pia alfabeti ya Istanbul ya mwaka 1879, iliyobuniwa na Sami Frashëri na wenzake, yenye herufi kadhaa za kubuni ambazo mtambo wa kawaida wa uchapaji hauna. Barua ikitoka mji mmoja kwenda mwingine, anayeipokea anaweza kujua lugha yote iliyomo na asiweze kusoma hata mstari.

Mwanamume aliyesoma aliweza kukimbilia Kituruki, Kigiriki, Kiitaliano au Kifaransa, kwa kuwa alipelekwa shule. Mwanamke wa kawaida alikuwa na Kialbania tu, na Kialbania hakikuwa na maandishi ya pamoja. Kwake yeye kukosekana kwa alfabeti kulimaanisha kukosekana kwa kila kitu kinachopitia kwenye karatasi: gazeti, mkataba, barua ya mume aliye ng'ambo ambayo ilibidi asomewe na mtu mwingine, pamoja na yale ya faragha.

Unaweza kuandika makala kali kuliko zote juu ya haki za wanawake. Kama wanawake hawana herufi za kuisomea, umewaandikia waume zao.

Alifanya nini katika Mkutano wa Manastir?

Mkutano ulifanyika mjini kwao tarehe 14 hadi 22 Novemba 1908, miezi michache baada ya mapinduzi ya Vijana wa Kituruki, wanamageuzi wa Milki ya Osmani, kulegeza kamba kidogo. Walikuja wajumbe kutoka miji ya Albania na kutoka ughaibuni, wa dini zote. Mwenyekiti alikuwa Mid'hat Frashëri, Mwislamu. Kamati ya alfabeti, watu 11, iliongozwa na padri Mkatoliki, Gjergj Fishta, na Gjergj Qiriazi, Mprotestanti, alikuwa mmoja wao. Katika ukumbi huo wa wanaume Parashqevi alikuwa mwanamke mshiriki.

Kamati haikuthubutu kuchagua moja. Ilipitisha mbili: ile ya Istanbul na nyingine ya Kilatini tupu. Hoja iliyoipa nguvu ya Kilatini ilikuwa ya kivitendo, nami naipenda kwa sababu haina mbwembwe: herufi hizo ziko kwenye kila mtambo wa uchapaji duniani na kwenye kila ofisi ya simu za maandishi, kwa hiyo kitabu cha Kialbania kingechapwa popote bila kuyeyusha madini ya risasi kutengeneza herufi mpya. Miaka michache baadaye ya Istanbul ikafa yenyewe.

Kazi ya Parashqevi iliyoonekana zaidi ilikuja baada ya wajumbe kurudi makwao. Azimio halimfundishi mtoto kusoma. Mwaka 1909 alichapisha *abetare*, kitabu cha kuanzia kusoma, kwa ajili ya shule za msingi. Alikuwa amefundisha darasani miaka mitano, anajua mtoto anakwama wapi.

Alfabeti hiyo ikoje?

Herufi 36. Mswahili ataiona nyepesi kuliko Mwingereza. *Dh* ni dh ya dhahabu, *th* ni th ya thelathini, *sh* ni sh ya shamba. *Nj* ni ny, kwa hiyo *njeri*, mtu, unaisoma "nyeri", kama mji wa Kenya. *Xh* ni j, basi *xhami* ni msikiti, neno lilelile tulilonalo kwenye Msikiti wa Jamia. Inayosumbua ni *ë*, sauti ya katikati isiyo a wala e, ambayo mwisho wa neno mara nyingi inamezwa kabisa.

Chama cha Yll' i Mëngjesit kilikuwa nini?

Maana yake ni Nyota ya Asubuhi. Ni chama cha wanawake alichokianzisha mwaka 1909, baada ya kitabu na kabla ya dhoruba. Nasema dhoruba kwa sababu mwaka 1910 serikali ya Vijana wa Kituruki iligeuka, ikataka Kialbania kiandikwe kwa herufi za Kiarabu, na shule za Kialbania zikafungwa moja baada ya nyingine.

Jina alilipenda mno, akalisafirisha naye kuvuka Atlantiki.

Jarida lake la Marekani liliandika nini, na nani alilisoma?

Vita vya Balkani vya 1912 na 1913, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia, viliifanya Korçë ibadilishe bendera mara kwa mara. Albania ilikuwa imetangaza uhuru Vlorë tarehe 28 Novemba 1912, lakini uhuru wa karatasi haukuzuia majeshi. Parashqevi, Sevasti na Kristo Dako, mume wa Sevasti, wakaishia Marekani. Boston palikuwa tayari na jamii kubwa ya Waalbania, magazeti yao na chama chao, Vatra, kilichoundwa mwaka 1912.

Hapo, kuanzia 1917 hadi 1920, Parashqevi alitoa *Yll' i Mëngjesit*, mara mbili kwa mwezi. Lilibeba siasa, historia, lugha, fasihi, hadithi na nyimbo za kijijini, na mambo ya jamii.

Sasa wasomaji. Waalbania wa Massachusetts wakati huo walikuwa wengi wao wanaume, hasa kutoka upande wa Korçë, waliokuja kufanya kazi viwandani na kutuma fedha nyumbani. Waalbania wana neno la maisha hayo, *kurbet*, na nyimbo nyingi za huzuni juu yake. Kwa hiyo jarida la mhariri mwanamke, lenye jina la chama cha wanawake, lilisomwa kwenye vyumba vya kupanga vilivyojaa wanaume waliotoka zamu ya kiwandani. Wake zao walikuwa kijijini ng'ambo ya bahari. Mara nyingi huwa nafikiri hiyo ndiyo hadhira aliyoihitaji: baba ambaye barua yake ya mwezi ujao ingeamua kama binti aliyebaki nyumbani atakwenda shule au hatakwenda.

Alikwenda Paris kufanya nini?

Mwaka 1919 alihudhuria Mkutano wa Amani wa Paris kama mjumbe wa Waalbania wa Marekani. Mkataba wa siri wa London wa 1915 ulikuwa umeshaikata Albania vipande kwa ajili ya Italia, Serbia na Ugiriki, na Ugiriki ilidai Korçë ni yake. Parashqevi alikuwa amefundisha watoto wa Korçë. Alijua wanaongea lugha gani wakicheza.

Kumbuka ni mkutano uleule uliokabidhi Tanganyika kwa Waingereza na Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji. Kwenye ramani hizo za Afrika hakukuwa na mjumbe wa wenyeji hata mmoja wa kusema watoto wake wanaongea nini. Albania ndogo, iliyokuwa karibu ifutwe, ilikuwa na wajumbe wake, na mmoja wao mwanamke, katika mwaka ambao wanawake wa nchi nyingi zilizoshinda vita hawakuwa hata na kura.

Albania haikufutwa. Ilipokelewa katika Umoja wa Mataifa wa zamani tarehe 17 Desemba 1920. Parashqevi alifariki tarehe hiyohiyo, miaka 50 kamili baadaye.

Alirudi Albania?

Ndiyo. Mwaka 1922 yeye, Sevasti na Kristo Dako walifungua taasisi ya wasichana ya Qiriazi Tirana, baadaye ikahamia Kamëz, nje kidogo ya mji. Wasichana walitoka pande zote za nchi kuja kukaa bweni. Mwaka 1933 serikali ya Mfalme Zog ilitaifisha shule za binafsi, taasisi ikafungwa. Serikali hiyohiyo ilikuwa imetoa sheria mpya ya kiraia mwaka 1929 iliyopiga marufuku ndoa za wake wengi, na mwaka 1937 ikakataza ushungi wa kufunika uso. Mkono mmoja unampa mwanamke sheria, mwingine unafunga shule yake.

Ilikuwaje akafungwa na Wajerumani?

Albania ilivamiwa na Italia mwaka 1939, na Ujerumani ikaingia mwaka 1943. Dada wale wawili walikuwa wazi katika kuupinga ufashisti. Wakapelekwa kambi ya Banjica, karibu na Belgrade. Sevasti alikuwa na miaka zaidi ya 70, Parashqevi zaidi ya 60. Walitoka wazima.

Wakomunisti waliwapokeaje?

Vibaya. Ungetarajia waliofungwa na Wanazi wapewe heshima, lakini faili lao lilikuwa na mambo matatu yasiyosameheka: Marekani, Uprotestanti, na ukaribu wa Kristo Dako na Mfalme Zog. Watoto wa kiume wa Sevasti walikamatwa. Sevasti akafariki mwaka 1949. Parashqevi akabaki, akaishi mpaka akaona serikali ikifunga makanisa na misikiti yote mwaka 1967.

Watoto wa shule waliendelea kuandika kwa herufi 36 kila asubuhi. Ila hawakuambiwa mengi juu ya bibi aliyekuwa angali hai mjini.

Je, msimamo wake juu ya wanawake ni ule tunaouita leo haki za wanawake?

Kwa sehemu. Kizazi chake kilidai elimu ya msichana kwa hoja ya taifa: mama akisoma, watoto watasoma, nchi itasimama. Tunaijua hoja hiyo, hata kwetu imechapwa kwenye kanga na kwenye kuta za shule. Ina udhaifu wake, kwamba mwanamke anapewa elimu kwa sababu ya faida ya wengine. Mimi sioni vibaya kuusema udhaifu huo. Lakini mtazame alivyoishi: mhariri, mjumbe, mwanzilishi wa shule. Maisha yake yalidai zaidi ya hoja zake.

Nimesikia jina la Musine Kokalari. Ni yeye?

Hapana. Musine alizaliwa 1917, alikuwa mwandishi wa hadithi na mwanasiasa, akafungwa na wakomunisti mwaka 1946. Ni kisa kingine, chenye uchungu wake.

Kulikuwa na wengine wakati wake?

Wapo. Urani Rumbo alipigania wasichana Gjirokastër, akifundisha na kuandika, mpaka alipofariki mwaka 1936. Shaqe Çoba aliongoza wanawake wa Shkodër, kaskazini, kuanzia 1920, na chama chao kilikuwa na jarida lake.

Wanawake wa Albania walipiga kura lini?

Kwa ukamilifu, mwaka 1945. Walipewa kura katika uchaguzi ambao haukuwa na upinzani wa kuchagua.

Kumbukumbu yake iko wapi leo?

Bitola kuna makumbusho ya alfabeti, na tarehe 22 Novemba huadhimishwa kama Siku ya Alfabeti. Korçë kuna makumbusho ya elimu, katika jengo la ile shule ya wavulana. Tarehe ya kufunguliwa kwake, 7 Machi, ndiyo Siku ya Mwalimu nchini Albania. Utagundua sikukuu ya kitaifa imepewa shule ya wavulana, si ya wasichana.

Lakini ukibahatika kuwa Albania mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, ulizia sherehe ya *abetare* kwenye shule yoyote ya msingi. Watoto wa darasa la kwanza waliomaliza kitabu chao cha kusoma hupanda jukwaani wakiwa wamebeba herufi za karatasi kifuani, kila mmoja na yake, wazazi wamesimama na simu mkononi wakirekodi. A anatangulia, anafuatwa na B, anafuatwa na C. Kuna mtoto amepewa ë, na yeye pia ana shairi lake la kusema.